Mhandisi wa kutoa ushahidi au mhandisi wa kukaa nyuma ya wakili: ulinganisho kwa mwenye shauri la ujenzi

Mgogoro wa ujenzi unapovuka hatua ya barua na vikao ukafika mahakamani au mbele ya msuluhishi, wakili makini humwambia mteja wake mapema kwamba atahitajika mhandisi. Ushauri huo ni sahihi, ila unamwacha mteja na swali ambalo wengi hawalijui hadi wamekwisha kulipia jibu baya: mhandisi huyo anatakiwa kwa kazi ipi? Kuna mhandisi anayeingia katika shauri kama shahidi mtaalamu, ambaye anaandika ripoti inayosomwa na pande zote, anaapa, anatoa maoni yake mbele ya jaji na kudodoswa na wakili wa upande wa pili. Kuna pia mhandisi anayeingia kama mshauri wa kiufundi wa upande mmoja, ambaye anasoma michoro na mkataba, anapima, anamweleza wakili udhaifu wa madai yao wenyewe na kumwandalia maswali ya kumdodosa mtaalamu wa wapinzani, na pengine shauri likaisha bila jina lake kutajwa hata mara moja. Wote wawili wanaweza kuwa na shahada ileile na usajili uleule. Kinachowatenganisha ni nani wanayemtumikia, na hilo ndilo linaloamua usiri wao, malipo yao, wakati wa kuwaita na uzito wa maneno yao.

Ni vizuri kuondoa mkanganyiko mmoja mapema. Mshauri ninayemzungumzia hapa siye mhandisi mshauri wa mradi, yaani yule aliyesanifu jengo au kumsimamia mkandarasi, wala simaanishi daraja la Mhandisi Mshauri katika daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania. Namaanisha mhandisi ambaye hakuwa na mkono katika ujenzi, aliyechukuliwa baada ya mgogoro kuanza na kwa ajili ya mgogoro huo tu.

Tuchukue shauri la kubuni litakalotusindikiza. Mwenye kiwanja amejengewa jengo la ghorofa sita. Nguzo za chini zimeonyesha nyufa mwaka mmoja baada ya makabidhiano. Amezuia malipo ya mwisho. Mkandarasi amefungua madai ya fedha zake. Na mwenye jengo anataka kujibu kwamba zege lilikuwa dhaifu.

Nani anamtumikia nani

Kanuni ya kawaida ya ushahidi inamtaka shahidi aeleze alichokiona au kukisikia mwenyewe, na maoni yake abaki nayo. Mtaalamu amepewa ruhusa ya pekee. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kinakubali maoni ya watu wenye ujuzi maalumu pale mahakama inapotakiwa kuamua jambo la sayansi au fani, na Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 ina kifungu cha namna hiyohiyo, kwa kuwa zote mbili zinafuata nyayo za sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872. Wahandisi wamo katika historia ya ruhusa hii tangu zamani. Mwaka 1782, katika shauri la Folkes v Chadd lililohusu bandari ya Wells huko Norfolk, Uingereza, ambayo ilikuwa ikijaa tope na mchanga, swali lilikuwa kama chanzo ni tuta lililojengwa na mwenye ardhi ya jirani, na jaji Lord Mansfield aliamua kwamba maoni ya mhandisi John Smeaton, mjenzi wa mnara wa taa wa Eddystone, yalistahili kupokelewa.

Ruhusa hiyo ina bei yake, nayo ni uhuru wa mtaalamu dhidi ya yule anayemlipa. Orodha ya wajibu inayonukuliwa zaidi katika nchi zinazofuata utaratibu wa sheria wa Kiingereza ilitolewa na Jaji Cresswell mwaka 1993 katika shauri la meli ya Ikarian Reefer, iliyopanda mwamba nje ya pwani ya Sierra Leone mwaka 1985 na kuungua, huku kampuni ya bima ikidai kwamba wenye meli walifanya makusudi. Jaji huyo alieleza kwamba maoni ya mtaalamu yawe, na yaonekane kuwa, zao la fikra zake huru ambalo mashinikizo ya shauri hayakuligusa. Kwamba ataje mambo aliyoyachukulia kuwa kweli. Kwamba asiache nje jambo linalodhoofisha maoni yake. Kwamba aseme wazi swali linapokuwa nje ya fani yake au takwimu zinapokuwa chache. Na kwamba akibadilisha mawazo baada ya ripoti, upande wa pili uambiwe bila kuchelewa. Mwenye jengo katika mfano wetu anapaswa kuisoma orodha hiyo kabla ya kusaini hundi, kwa sababu ina maana kwamba shahidi mtaalamu anayemlipa yeye anaweza, na akiwa mwaminifu atalazimika, kumwambia jaji kwamba zege halikuwa na kasoro.

Mshauri wa kiufundi yuko upande wa mteja, na hakuna ubaya katika hilo. Kazi yake ni kuufanya upande wake ulielewe jambo vizuri kuliko wapinzani wanavyolielewa. Hata hivyo, kuwa upande wa mteja si leseni ya kusema uongo, maana mhandisi aliyesajiliwa hubaki chini ya maadili ya taaluma yake na chini ya mamlaka ya nidhamu ya bodi, iwe ni ile ya Tanzania iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997 au Bodi ya Wahandisi ya Kenya iliyo chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Tofauti ni kwamba mshauri akigundua jambo baya anamwambia wakili, na wakili ndiye anayeamua kama shauri liendelee, lisuluhishwe au libadilishwe hoja. Shahidi akigundua jambo lilelile hana mahali pa kulificha.

Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi wanapokosea uchaguzi. Wanatafuta shahidi wakitegemea atawapigania, kumbe wanayemtaka ni mshauri. Shahidi anayepigania upande hutambulika haraka, na kwa kuwa mahakama haifungwi na maoni ya mtaalamu yeyote bali huyapima pamoja na ushahidi mwingine, ripoti yake ya kurasa mia inaweza kuwekwa kando kwa aya moja ya hukumu.

Kazi yenyewe: mfano wa nguzo zenye nyufa

Turudi kwenye jengo letu. Mwenye jengo amekata sampuli tatu za zege kutoka kwenye nguzo na maabara imempa majibu ya 20, 22 na 24 N/mm² (kipimo cha nguvu ya zege), wakati mkataba ulitaka 25. Anaona ameshinda. Tuseme mkataba umeelekeza kwamba zege lipimwe kwa kiwango cha Marekani cha ACI 318. Kiwango hicho hulikubali zege kama wastani wa sampuli tatu zilizokatwa umefika angalau asilimia 85 ya nguvu iliyoainishwa, na kama hakuna sampuli hata moja iliyo chini ya asilimia 75. Wastani wa majibu yake ni 22, yaani asilimia 88, na sampuli dhaifu kuliko zote ni asilimia 80. Zege limefaulu. Sababu ya unafuu huo inajulikana na kila mhandisi wa vifaa vya ujenzi: zege lililo ndani ya nguzo halikutunzwa kwenye maji kwa siku 28 kama sampuli za maabara, na ukataji wenyewe hulidhoofisha kidogo. Viwango vya Uingereza na Ulaya vina hesabu zao tofauti, lakini navyo havimruhusu mtu kulilinganisha zege lililokatwa kwenye nguzo na lile lililomiminwa kwenye mchemraba kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa angalia nini kinatokea kulingana na nani aliyeitwa. Kama mwenye jengo alianza na shahidi mtaalamu, majibu hayo yataingia katika ripoti, ripoti itakwenda kwa mkandarasi, na wakili wa mkandarasi atazifanya zile asilimia 88 kuwa ukurasa wa kwanza wa hoja zake. Kama alianza na mshauri wa kiufundi, majibu hayohayo yanazungumzwa ofisini kwa wakili na mlango umefungwa, na mshauri anaweza kusema maneno yenye thamani kuliko ushahidi wowote: achaneni na hoja ya zege, nyufa hizi hazikuletwa na zege.

Kisha anaendelea kutafuta. Anaangalia mwelekeo wa nyufa, kwa kuwa nguzo iliyoelemewa na nguzo iliyovutwa na msingi uliodidimia upande mmoja hazipasuki kwa namna moja. Anapima unene wa zege linalofunika nondo, anahesabu pete za nguzo na nafasi kati yake, analinganisha na michoro iliyoidhinishwa. Anauliza kama ghorofa ya sita ilikuwepo kwenye usanifu wa mwanzo au iliongezwa baadaye kwa maneno ya mdomo, jambo ambalo katika miji yetu si la ajabu hata kidogo. Anasoma ripoti ya uchunguzi wa udongo, kama ilifanywa. Mwisho wa kazi hiyo anaweza kumwambia wakili kwamba tatizo liko chini ya msingi, na kwa hiyo shahidi mtaalamu anayetakiwa ni mhandisi wa udongo na misingi, wala si yule mtaalamu wa zege ambaye mteja alikwisha kumpigia simu. Mshauri mzuri, kwa maneno mengine, ndiye anayekuchagulia shahidi sahihi, na kwa sababu hiyo peke yake ninaona aitwe kwanza.

Kazi ya shahidi ni nyembamba zaidi lakini nzito zaidi. Anapewa maswali yaliyoandikwa, anajibu hayo tu, anaonyesha hesabu zake na picha zake, na lazima awe amekigusa kitu anachokizungumzia. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwafikia wahandisi moja kwa moja mwaka 1999 katika shauri la Kumho Tire, lililotokana na ajali ya gari ambalo tairi lake lilipasuka. Mtaalamu wa walalamikaji alijenga maoni yake kwa picha kwanza, na tairi lenyewe akaja kulichunguza asubuhi ya siku ileile aliyohojiwa kwa kiapo. Mahakama ilisema kwamba wajibu wa jaji wa kuchunguza kama mbinu ya mtaalamu inaaminika, uliokuwa umetamkwa mwaka 1993 kuhusu wanasayansi, unawahusu wahandisi pia. Uamuzi huo haufungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini maswali yake ndiyo ambayo wakili yeyote mwenye akili atamuuliza mhandisi wako mahali popote: ulifika lini, ulipima kwa chombo gani, nani mwingine hutumia njia hiyo, na kwa nini hukujaribu maelezo mengine.

Mshauri anaweza kuwa na haiba ngumu, anaweza kuwa mtu wa maneno ya mkato asiyependa kuulizwa mara mbili, mradi anaona yale ambayo wengine hawayaoni. Shahidi hawezi kuwa hivyo. Anahitaji subira, uwezo wa kukubali hoja ndogo bila kupoteza hoja kubwa, na lugha inayomfikia asiyekuwa mhandisi. Nchini Tanzania, ambako marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mhandisi asiyeweza kueleza kudidimia kwa msingi bila kukimbilia Kiingereza ana upungufu ambao mteja anapaswa kuugundua kabla ya siku ya kusikilizwa.

Usiri

Kwa shahidi mtaalamu hakuna mengi ya kusema: chukulia kwamba kila kitu kilichoingia katika maoni yake kitaonekana. Kwa mshauri mambo ni tofauti, ingawa usalama wake haulingani kila nchi. Marekani imeliweka wazi katika kanuni zake za madai za shirikisho: mtaalamu aliyechukuliwa kwa ajili ya shauri lakini hatarajiwi kutoa ushahidi, anachokijua na anachokifikiri hakiwezi kudaiwa na upande wa pili isipokuwa kwa mazingira ya kipekee. Sheria zetu zilizotokana na ile ya India zinalinda mawasiliano ya mteja na wakili, na zinaongeza wakalimani, makarani na watumishi wa wakili. Mhandisi hatajwi kwa jina. Kwa hiyo busara ni kwamba mshauri aajiriwe na wakili mwenyewe kwa barua, barua ieleze kwamba kazi hiyo ni kwa ajili ya shauri lililopo au linalotarajiwa, na taarifa zake ziandikwe kwa wakili, zisitumwe kwa mteja wala kwa msimamizi wa jengo. Na zisitumwe kabisa kwenye kundi la WhatsApp la mradi, ambamo mara nyingi bado yumo fundi mkuu wa mkandarasi ambaye hakuna aliyekumbuka kumwondoa.

Mtu mmoja anaweza kushika nafasi zote mbili?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, kwa sababu ya gharama. Mteja anasema: huyu mhandisi amekwisha kulijua jengo, kwa nini nilipe mwingine alijue upya? Jibu langu ni kwamba asifanye hivyo katika shauri kubwa, na sababu ni ya kivitendo. Mhandisi aliyekaa katika vikao vya mkakati, akamsikia wakili akisema hoja ipi ni dhaifu, akashauri swali gani wasiulizwe wapinzani, anapopanda kutoa ushahidi anabeba hayo yote. Wakili wa upande wa pili hahitaji kuzipinga hesabu zake. Anamuuliza tu alihudhuria vikao vingapi, nani alirekebisha rasimu yake ya kwanza, na kama aliwahi kumpa mteja maoni tofauti na haya. Akijibu kweli, uhuru wake unatiliwa shaka, na akijibu kwa kuzunguka inakuwa mbaya zaidi.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililigusa jambo la karibu na hili mwaka 2021 katika shauri linalojulikana kwa jina la Secretariat. Kampuni moja ya wataalamu wa migogoro ya ujenzi ilikuwa imechukuliwa na mteja kwa ajili ya usuluhishi mmoja, kisha kampuni dada yake ikakubali kumfanyia kazi mpinzani wa mteja huyo katika usuluhishi mwingine wa mradi uleule. Mahakama ilikataa kusema kwamba kila mtaalamu ana wajibu wa uaminifu kwa mteja kama alio nao wakili, ila ilisimama kwenye mkataba wa kuajiriwa: kampuni ilikuwa imeahidi kwamba haina na haitakuwa na mgongano wa maslahi, na ahadi hiyo iliwabana. Funzo kwa anayechagua ni kwamba amuulize mhandisi, na kampuni yake, na matawi yake, wanafanyia nani kazi nyingine, halafu jibu liandikwe ndani ya mkataba.

Kuna mhandisi wa tatu ambaye watu humkimbilia kwa kuwa yupo na hana gharama mpya: yule aliyesimamia ujenzi wenyewe. Huyo ni shahidi wa matukio. Anajua siku zege lilipomiminwa, mvua iliponyesha, amri ya mdomo ilipotolewa, na ushahidi wake juu ya hayo ni wa lazima. Lakini maoni yake juu ya nani mwenye makosa yana uzito mdogo, kwa sababu rahisi kwamba huenda mwenye makosa ni yeye.

Katika madai madogo, ambayo hayabebi mishahara ya wahandisi wawili, ushauri wangu ni kumchukua mmoja na kumchukua kama shahidi tangu siku ya kwanza: apewe maswali kwa maandishi, asiingizwe katika vikao vya mkakati, na wakili ajiandae kuyapokea majibu yake jinsi yalivyo. Njia nyingine, ambayo kwa shauri dogo huenda ikawa bora kuliko zote, ni pande mbili kukubaliana mtaalamu mmoja wa pamoja. Uingereza ina utaratibu huo ndani ya kanuni zake za madai, na hata pale ambapo kanuni hazilazimishi, hakuna kinachowazuia watu wanaogombana kuhusu nyufa kukubaliana nani azipime.

Malipo

Shahidi mtaalamu alipwe kwa saa, kwa siku au kwa jumla iliyokubaliwa, na malipo yasitegemee nani ameshinda. Mshauri ana nafasi pana kidogo, na mfano mzuri unatoka katika mashauri ya Factortame, yaliyotokana na madai ya wavuvi wa Kihispania dhidi ya serikali ya Uingereza kuhusu sheria ya meli ya mwaka 1988. Kampuni ya wahasibu ya Grant Thornton ilikubali kuandaa madai na hesabu zao kwa malipo ya asilimia 8 ya fidia, huku wataalamu huru wakitafutwa kwa ajili ya kutoa maoni mahakamani. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani iliukubali mpango huo, lakini ikasema kwamba itakuwa nadra sana kuridhia shahidi mtaalamu alipwe kwa kutegemea matokeo. Mstari kati ya kazi mbili haujawahi kuchorwa wazi kuliko hapo. Hata hivyo sipendekezi malipo ya asilimia kwa mshauri wa kiufundi pia, maana mtu anayesubiri sehemu ya fidia ana sababu ya kukushauri uendelee na shauri ambalo ungepaswa kulimaliza kwa mazungumzo.

Kuhusu kudai fidia kwa kazi mbovu, Uingereza iliondoa kinga ya wataalamu dhidi ya kushtakiwa na wateja wao wenyewe kwa uamuzi wa Jones v Kaney wa mwaka 2011. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila kampuni za nje zinazokuja kutoa ushahidi huku huwa zinaukumbuka zinapoandika vifungu vya ukomo wa dhima, na vifungu hivyo visomwe.

Katika jinai, na mbele ya msuluhishi

Jengo linapoanguka na watu kufa, kama ilivyotokea mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, mwezi Machi 2013, Huruma jijini Nairobi mwezi Aprili 2016 na Kariakoo mwezi Novemba 2024, wahandisi huitwa kwanza na serikali, katika kamati na uchunguzi, na baadaye huenda wakawa mashahidi wa upande wa mashtaka. Hapo hesabu ya kuchagua inageuka. Upande wa mashtaka unahitaji shahidi mtaalamu wa kusimama imara, kwa sababu una jukumu la kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi. Mshtakiwa hana jukumu hilo, na mara nyingi atafaidika zaidi na mshauri wa kiufundi anayemwonyesha wakili wapi uchunguzi wa serikali uliruka hatua: sampuli zilichukuliwa kutoka nguzo ipi, kifusi kilihamishwa lini, nani alihifadhi vipande vya nondo, kwa nini mzigo wa matangi ya maji juu ya paa haukuhesabiwa. Kumwita shahidi wake mwenyewe kunaweza kuongeza nguvu, lakini kunampa pia mwendesha mashtaka mtu wa kumdodosa. Katika madai ya kawaida, ambako ushindi ni wa upande wenye uwezekano mkubwa zaidi, kukaa bila shahidi mtaalamu huku mpinzani ana wake ni hatari ambayo sioni sababu ya kuichukua.

Mbele ya wasuluhishi, iwe ni kupitia Baraza la Taifa la Ujenzi nchini Tanzania, Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi cha Nairobi au baraza la nje, utaratibu huwa mwepesi zaidi kwa sura lakini mkali zaidi kwa maudhui, kwa kuwa msuluhishi mwenyewe mara nyingi ni mhandisi au mkadiriaji majenzi. Kanuni za ushahidi za chama cha kimataifa cha wanasheria, IBA, toleo la mwaka 2020, zinawatenganisha wataalamu walioletwa na pande katika kifungu cha 5 na wale walioteuliwa na baraza katika kifungu cha 6, na zinawaruhusu wasuluhishi kuwaagiza wataalamu wa pande mbili wakutane na kuandika walipokubaliana na walipotofautiana. Kikao hicho cha wataalamu ni cha mashahidi peke yao. Mshauri hakai humo, ila anaweza kumsaidia wakili kutabiri mpinzani atakubali nini, na katika migogoro ya ucheleweshaji, ambayo ni mabishano ya ratiba na siku za nyongeza kuliko ya zege, utabiri huo huokoa fedha nyingi.

Wakati wa kuamua, na barua ya kuandika

Kama nguzo zitakarabatiwa, kama kifusi kitaondolewa, kama mvua za masika ziko karibu na shimo la msingi liko wazi, shahidi mtaalamu hawezi kusubiri hadi mshauri amalize kazi yake kwa utulivu. Achukuliwe mara moja kwa kazi ya kuona, kupima na kuhifadhi tu, upande wa pili ukialikwa kwa barua kuwepo, na maoni yaje baadaye. Katika hali nyingine zote za mashauri makubwa mshauri atangulie, kwa kazi fupi yenye mwisho unaojulikana: wiki chache, swali moja kuu, taarifa moja kwa wakili.

Barua ya mshauri itoke kwa wakili na itaje usiri. Barua ya shahidi iwe ya aina ambayo usingeona aibu ikisomwa kwa sauti mahakamani, kwa sababu huenda ikasomwa: itaje maswali anayoulizwa bila kudokeza jibu, nyaraka alizopewa zote pamoja na zile zisizompendeza mteja, tamko kwamba wajibu wake wa kwanza ni kwa mahakama, kiwango cha malipo kisichotegemea matokeo, na tamko la mgongano wa maslahi linaloihusu kampuni yake nzima. Kabla ya kuisaini, omba nakala ya usajili wake na leseni ya mwaka husika, kisha uulize bodi yenyewe kama viko hai, maana hilo ndilo swali la kwanza atakalododoswa na wakili wa upande wa pili na ni swali ambalo jibu lake halipaswi kusikika kwa mara ya kwanza mbele ya jaji.